Ndama Wenye Jina la Mama Yao

Mubi, tarehe 9 mwezi wa tisa

Kwako dada yangu Kamaliza,

Na jibu ni ndiyo, nimenenepa! Mutandao ulikatika Jumapili ungali unacheka, sikupata hata nafasi ya kujitetea. Nimenenepa mashavu na mikono, ile nguo ya kijani uliyonishonea kwa harusi haifungi tena nyuma, na kosa si langu, kosa ni la bwana wangu Mucyo mwenye kupika. Ndiyo, anapika! Usimwambie Papa. Anapika sombe ya majani ya muhogo na mawese mpaka majirani wanakuja kusimama kwenye mulango na kusema kwamba binti wa Masisi amemuroga mutoto wa watu.

Nimeanza kuongea kabla ya kusalimia, unanijua. Habari yako, dada? Watoto hawajambo? Kikohozi cha Papa kimepungua, na baridi ya mulima imewahurumia? Sisi huku tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Joto la Walikale linatupika polepole kama maharagwe, mvua inanyesha karibu kila muchana, malori yamelala kwenye matope tangu juzi, lakini afya iko. Hii barua naipa Mama Emérence, yule mwenye kupanda Masisi kununua fromage, ile jibini ya kwetu, na maharagwe ya kuuza hapa, na natumaini itakukuta ukiwa na nguvu za kuisoma mpaka mwisho. Ninaandika kwa sababu mambo niliyo nayo hayawezi kuingia kwenye simu yenye kukatika kila dakika mbili. Na pia kwa sababu kwenye simu ungesikia sauti yangu.

Najua jibu unalongojea si lile la unene. Uliniomba nimuulize Mucyo atazame kwenye mashine yake kama kweli uliandika ng'ombe wadogo wa mulima wetu wa Muheto ao hapana. Ulisema watu hawakusalimii tena wakitoka misa. Ulisema Papa hajala na wewe kwenye meza moja tangu ndama wetu Bihogo mudogo afe, na kwamba Jumamosi ya mwisho ya huu mwezi komite ya chama cha wafugaji itakutana ikutoe kwenye kazi ya ukatibu wa mulima na kumupa muntu mwenye macho. Tena ukasema neno moja ambalo tangu Jumapili sijaweza kuliweka chini: kwamba labda wana haki, labda kweli ulisahau.

Dada, nitakujibu. Niache nianze kwenye mwanzo, maana nikianza na mwisho nitachana hii karatasi kama nilivyochana zile tatu za kwanza.

Wewe unamujua Mucyo kama shemeji mwenye haya, aliyekuja na ng'ombe ya mahari na kuogopa kamba yake. Alikulia Pinga, kati ya mihogo na ndizi, ng'ombe anaijulia kwenye sahani. Unakumbuka Papa alivyomutania siku nzima, akimuuliza kama huko Pinga wanakamua mbuzi ao wanakamua miti? Watu wote walicheka. Mimi nilikuwa namwangalia akiishika ile kamba kwa mikono miwili, ng'ombe inamuvuta kwenye matope na ndama wake anafuata nyuma, viatu vyake vipya vimeharibika, na hakuiachilia. Roho yangu ikasema: huyu. Mpaka leo inasema. Nikiamka kabla yake ninakaa tu kumwangalia, mukono chini ya shavu, mudomo wazi kidogo, na ninajiuliza ni kitu gani kizuri nilimufanyia Mungu. Unaweza kunicheka. Nacheka mwenyewe.

Kazi yake unaijua nusu. Yeye na rafiki yake Grégoire, kijana wa Goma aliyesoma naye, wanaandika programu, yaani zile amri zenye kuiambia mashine ifanye nini. Ofisi yao ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, paneli za jua juu ya bati na antena ya mutandao kwenye ukuta. Programu ya chanjo ya chama chenu, hao wawili njo waliiandika. Ninyi makatibu wa milima munaandika kila ng'ombe kwenye daftari, madaftari yanashuka Mubi, majina yanaingizwa, na orodha inarudi kwenye simu ya Nsengimana, muganga wa ng'ombe, ajue anachanja nani na analeta dozi ngapi kwenye kisanduku chake cha baridi.

Nilipofika hapa kama bibi harusi niliwakuta hao marafiki wanagombana kila siku, na ugomvi wao ulikuwa juu ya kitu kimoja: ule musaidizi wa akili bandia, wenye kuandika programu kwa niaba ya muntu. Unauambia unachotaka, kwa Kifaransa cha kawaida tu, nao unaandika. Grégoire alikuwa anausifu kama muhubiri. Mucyo hakutaka hata kuusikia. Grégoire alimuita Babu, akamuuliza kama anaendaga Goma kwa miguu ili kuheshimu barabara. Mucyo akamujibu kwamba programu ambayo hukuiandika kwa mukono wako ni kama mutoto uliyeletewa na jirani, unaambiwa tu kwamba anafanana na wewe. Walichekeana hivyo, lakini chini ya kicheko kulikuwa na hasira, maana Grégoire alimaliza kazi saa nane za muchana na Mucyo alibaki pale mpaka giza, akitafuta kosa la mustari mumoja.

Na mimi nilikuwa nyumbani, dada, naongea na masufuria. Maarusi wa mwezi mumoja! Siku moja nilimupelekea chakula ofisini na nikamukuta kama nilivyomwacha asubuhi, na nikamwambia, mbele ya Grégoire, kwamba nilidhani nimeolewa na mwanaume, kumbe nimeolewa na mugongo. Grégoire alicheka mpaka akatoka nje. Mucyo alicheka kidogo tu. Kesho yake akamuomba Grégoire amuwekee ule musaidizi kwenye mashine yake. Kumbuka hapa, dada. Mimi njo nilimusukuma.

Kwa juma moja tu alibadilika kabisa. Kilichokuwa kinamuchukua siku tatu kilimuchukua nusu saa. Aliupa ule musaidizi jina, akauita Stajiaire, yaani mwanafunzi wa kazi, kwa sababu, alisema, una adabu, una mbio, na hauombi kula. Tangu siku hiyo saa kumi ilimukuta nyumbani. Ee Mungu wangu, zile saa kumi! Tulikuwa tunatembea mpaka kwenye daraja, tunakula ndizi za kuchoma na karanga, ananisimulia mambo ya utoto wake Pinga, ananishika mukono mbele ya watu wote bila haya, yeye aliyekuwa na haya ya kamba ya ng'ombe. Ananiita chérie hata mbele ya wauzaji wa mafuta. Niliupenda ule musaidizi, nisikudanganye. Nilikuwa karibu kuusalia rozari. Bwana wangu alikuwa amerudishwa kwangu na kitu kisichokuwa na uso.

Wakati huohuo Grégoire alikuwa anabadilika pia, lakini akielekea kule Mucyo alikotoka. Mutandao ulikufa siku tatu, na yeye akakaa kuandika peke yake kama zamani, na hakuweza. Alikuja kwetu, akakunywa chai, akatuambia kwamba vidole vyake vimesahau, kwamba alitazama ukurasa mweupe kama muntu aliyepotelewa na njia ya kwenda kwao. Tena alitueleza kwamba aliujaribu Stajiaire kwa kuuambia ujinga kwa makusudi, nao ukamujibu kwamba ana haki, anasema kweli. Akaogopa. Tangu pale akaanza kusoma kila mustari unaoandikwa, kidole kwenye kioo, kama mutoto wa katekismu, na kazi yake ikawa ya polepole. Sasa ilikuwa zamu ya Mucyo kumuita Babu. Alimuuliza kama miwani atanunuliwa na wajukuu. Grégoire hakucheka. Alimwambia tu kwamba iko siku ataitikia kitu ambacho hakukisoma, na siku hiyo asimuite.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaandike, ili Papa akisomewa asikie yote kwa mupango. Mwezi wa saba Nsengimana alipanda Muheto na kisanduku chake. Alichanja waliokuwa kwenye simu yake, mumoja mumoja, na dozi zikaisha zikiwa zimewatosha hao hao. Wewe ulisimama pale na ndama na mitamba wa watu, ukamwambia kwamba uliwaandika wote. Akakuonyesha simu. Alisema chanjo iko ya wenye kuwa kwenye orodha, na kwamba yeye hawezi kuchanja kwa maneno. Juma tatu baadaye ugonjwa wa charbon, ile chambavu ya ng'ombe, ukaingia mulimani. Asubuhi muntu anaona mutamba wake anachechemea, muchana paja limevimba, magaribi amekufa. Kumi na mumoja kwenye mulima wetu peke yake, wote wadogo. Na kwa sababu ule ugonjwa unapendaga kuua wadogo, hakuna aliyeshangaa kwamba ni wadogo. Walishangaa tu kwa nini katibu wa mulima hakuwaandika. Kati yao alikuwa Bihogo mudogo, yule ndama wa ng'ombe yetu ya mahari uliyekuwa unamulea vizuri hivyo, ili siku moja Papa aturudishie sisi maarusi kama desturi inavyotaka. Nilikuwa nimekwisha kuwaza mahali nitakapomufunga, hata hapa kwenye joto.

Basi Jumapili, tulipokatika, nilimupa Mucyo swali lako. Alikaa kwenye mashine siku nzima ya Jumatatu. Jumanne alirudi saa tano za muchana, si saa ya kawaida, akakaa kwenye kitanda na viatu. Akaniambia kwamba dada yangu hakusahau hata mumoja. Majina yote yaliingia. Kisha, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, wanyama mia mbili na kumi na wanne wa milima yote walifutwa kwa pamoja, kwa sababu walikuwa na jina moja na munyama mwengine wa mwenye mali yule yule. Stajiaire ilidhani wameandikwa mara mbili. Na ilikuwa imeuliza ruhusa, na ruhusa ilitolewa kwenye mashine yake.

Unaelewa, dada? Kwetu ng'ombe anaitwa kwa rangi ya ngozi. Bihogo mwekundu-mweusi akizaa mwekundu-mweusi, huyo naye ni Bihogo. Gaju anazaa Gaju. Tukiongea tunasema mukubwa na mudogo, lakini kwenye daftari tunaandika jina tu, maana nani kwetu hajui? Mashine ilimuacha wa kwanza kuandikwa, yaani mama, na ikamufuta mutoto. Kila ndama aliyefanana na mama yake alitoka kwenye orodha. Wenye rangi yao wenyewe walibaki, walichanjwa, wako wazima mpaka leo. Tembea mulimani uangalie, utaona.

Kwa hiyo hilo njo jibu lako, na unaweza kumusomea Papa na komite yote: Kamaliza aliandika, na aliandika vizuri.

Laiti barua ingeweza kuisha hapa.

Mucyo hakumbuki kutoa ile ruhusa. Hilo njo linamuua. Anaangalia tarehe na saa, anasema ni mashine yake, ni jina lake, kwa hiyo ni yeye, na kama hakumbuki maana yake amekuwa muntu wa kusema ndiyo bila kusoma, kama Grégoire alivyomwambia. Alihesabu siku, akakumbuka kwamba ile Jumamosi tulikwenda kula samaki ya kuchoma kando ya mto, na akaniambia, huku ananishika mukono, kwamba siku ile alikuwa na furaha nyingi mno, na labda furaha ilimufunga macho. Niliutoa mukono wangu, nikasema naenda kuangalia moto.

Amefuta Stajiaire kwenye mashine. Anaandika tena kwa mukono wake, lakini hata mukono wake hauamini; anaandika mustari, anaufuta, anauandika tena. Hapiki tena. Anasema atakuja Muheto kwenye mukutano wa komite, asimame mbele ya Papa na wenye ng'ombe, aseme kwamba ni yeye aliyeua wale mitamba kumi na mumoja, kisha aiache hii kazi aende kusukuma mizigo kwenye malori.

Na Grégoire, dada, naye amegeuka tena! Huyu ambaye aliogopa ule musaidizi kuliko wote, sasa anautetea. Alisoma maneno yote ambayo mashine iliandika siku ile na akamwambia Mucyo kwamba mashine haikuiba kitu. Iliuliza. Ilionyesha orodha chini na kusema kwamba pengine hawa ni wanyama mbalimbali, tafadhali muangalie kabla ya kukubali. Grégoire alisema mashine ilikuwa na adabu kuliko waliokaa mbele yake, na kwamba yeye atairudilia, lakini atakaa nayo kama unavyokaa na mugeni mwenye akili asiyejua nyumba yenu. Kisha, kwa sababu ni rafiki, alimuomba Mucyo asiende kwenye mukutano, waseme tu kwamba ni mutandao. Alisema hajawahi kuona mutandao ukiitwa mbele ya komite. Mucyo akarudi kwenye mustari wake. Siku zingine angecheka.

Sasa, dada, kaa chini kama umesimama. Kama unamusomea Papa, acha kwanza hapa, usome peke yako, kisha uamue.

Yale madaftari ya milima, mimi njo niliyaingiza. Mucyo alinipa ile kazi kwa sababu nina diploma na mwandiko wa watu haunishindi, na nilijivuna sana. Lako nililiacha la mwisho kama muntu anavyoacha nyama pembeni ya sahani. Niliona mwandiko wako, ule wa kulalia upande mumoja. Bihogo, Bihogo. Gaju, Gaju. Niliandika yote kama ulivyoandika.

Ile Jumamosi tulikuwa tunatimiza miezi mine ya ndoa. Nilisuka nywele, nikajipaka manukato, nikamufuata ofisini saa tisa ili twende kwa samaki. Alikuwa karibu kumaliza. Stajiaire ilikuwa inapitia orodha ya milima yote. Dereva wa lori akamuita nje, alikuwa ameleta betri ya paneli kutoka Goma, na mvua ilikuwa inaanza. Mucyo alinikalisha kwenye kiti chake, akanibusu kwenye paji, akasema nisiguse kitu, na kama mashine inauliza kitu nimungojee. Akakimbia.

Ikauliza. Maneno yalitokea kwenye kioo, Kifaransa kizuri, kwamba wanyama mia mbili na kumi na wanne wamerudiliwa. Dada, mimi niliona lile neno tu, wamerudiliwa. Nilidhani ni mimi niliyewaandika mara mbili. Nilikumbuka zile siku nilizokuwa naandika huku nafikiri kitu atakachonipikia, huku natazama mugongo wake. Juma lile lile alikuwa amenisifu mbele ya Grégoire kwamba bibi yake anaandika bila kosa. Nikawaza: akirudi atayaona makosa mia mbili na kumi na mane. Na chini ya lile neno kulikuwa orodha yote, nilikuwa nateremusha tu kidole. Ningemuona Bihogo wa kwanza ningejua. Katika ile ofisi, Mucyo ni wa Pinga, Grégoire ni wa Goma, hawajui ng'ombe wanaitwaje. Muntu pekee aliyejua, kati ya watu na mashine zote zilizokuwa pale, ni mimi. Sikuteremusha. Nilibonyeza pale palipoandikwa kukubali, na ikaisha kwa muda wa kupepesa jicho.

Mucyo alirudi ameloana, akaona kila kitu kimekuwa kijani, kama kinavyokuwaga kazi ikiwa sawa. Akaniuliza kama iliuliza kitu. Nikasema hapana.

Hilo hapana, dada, njo ninaloomba msamaha zaidi. Kidole kilikosea, lakini mudomo haukukosea, mudomo ulijua. Na mwezi uliopita, uliponiambia kwenye simu kwamba waliokufa ni wadogo, nilijua kabla hujamaliza kusema. Nilinyamaza mbele yako Jumapili nne. Nilikuacha ulie, nikakuambia pole, nikauliza habari ya watoto. Na sasa namwangalia Mucyo akijitafuta ndani ya kichwa chake mwenyewe, akitafuta kidole ambacho si chake, na mimi niko mbele yake nakoroga chai. Kila asubuhi nasema leo. Ananiita chérie, nami naongeza sukari kwenye chai. Naogopa, Kamaliza. Siogopi kupigwa, hanipigi, hata sauti hapandishi. Naogopa ile siku atakayonitazama kama anavyotazama sasa ile mashine.

Wale mitamba sitawarudisha. Sina ng'ombe hata mumoja wa kulipa, na hata ningekuwa naye, ni nani atamuita Bihogo tena bila kukumbuka? Ukikasirika una haki. Ukichukua juma zima bila kutamka jina langu una haki. Nakuomba kitu kimoja tu: usikubali wakutoe kwenye ukatibu. Macho unayo. Daftari lako nitalileta, kila jina liko ndani kwa mukono wako.

Mama Emérence anaondoka kesho asubuhi. Leo, Mucyo akirudi, sitamwambia kitu. Nimekwisha kuona kwamba mudomo wangu hauwezi. Nitamupa hizi karatasi azisome zote, hata pale nilipomusifu, hata pale pa kuchekesha, kisha nitazifunga nikupelekee. Kama utaona maneno yamefutika kidogo kwenye ukurasa wa mwisho, sijui itakuwa ni mimi ao ni yeye.

Unisalimie watoto wote na uwabusu kila mumoja mara mbili. Mwambie Papa namukumbuka, na kwamba dawa ya kikohozi Mama Emérence ameibeba kwenye mufuko wake wa ndani, asiichanganye na pombe. Nisalimie majirani, hata wale wasiokusalimia, hao kwanza. Mungu awachunge huko juu, na barabara ituruhusu.

Nitafika kabla ya huu mwezi kwisha, siku mbili kabla ya mukutano. Ukisikia pikipiki inapanda, toka uangalie. Kama tuko wawili nyuma ya dereva, weka sahani mbili. Kama niko peke yangu na valizi ya nguo, usiniulize kitu mbele ya watoto. Nipe mahali pa kulala tu, na Jumamosi unisindikize mpaka kwa komite na usimame karibu, kwa sababu nitasema hata hivyo.

Mudogo wako mwenye kukupenda,

Umugwaneza